Maganda 400 yaliyotoka pinki: kisa cha kuosha brasi kwa maji na pini

Kijana mmoja ambaye huwa tunalenga naye shabaha alinijia na ndoo asubuhi, ameishika kwa mikono miwili kama mtu amebeba mayai, akaiweka chini akasema kaka hebu yaangalie haya, nimeyaua? Ndani kulikuwa na maganda ya risasi kama 400 ambayo jana yake yalikuwa meusi kwa moshi, sasa masafi kweli ila rangi siyo. Brasi, yaani ile shaba ya njano, ikioshwa vizuri inang'aa njano ya dhahabu. Haya yalikuwa na wekundu wekundu, pinki kabisa mengine, na mengine yana mabaka, nusu njano nusu pinki. Nikamwambia mdogo wangu usitupe hata moja na usijaze hata moja baruti na kichwa kipya, tuache kwanza tuangalie.

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu jibu ambalo watu wengi hutoa ni moja tu, "umezidisha asidi", halafu basi. Asidi kweli ilizidi, tena ilizidi sana. Lakini asidi peke yake haikueleza nilichokuwa nakiona, na kama tungeishia hapo angepunguza asidi, angerudia, na angepata pinki tena asijue inatoka wapi.

Nianze na alichofanya, maana nilimkalisha akanieleza hatua kwa hatua bila kuruka. Ana pipa la kuzungusha, lile la mota ndogo na roda mbili chini, linabeba karibu kilo 7 kwa jumla. Mpangilio wa kawaida wa pipa la saizi hiyo ni pini za stenlesi, yaani vipande vifupi vya waya wa chuma kisichoshika kutu, kilo 2.3 hivi, maganda kama gramu 900, maji lita 4 kasoro kidogo, sabuni ya vyombo kidogo, na asidi ya sitriki, ile ya malimau, robo ya kijiko cha chai. Robo ya kijiko cha chai! Watu wakisikia hivyo wanaona ni mzaha, kitu kidogo hivyo kitafanya nini, lakini hicho ndicho kipimo. Kazi ya asidi hapo ni kuondoa ule utando wa oksidi na kusaidia sabuni, kazi ya kusugua inafanywa na pini.

Yeye alitia maganda yote kwa mpigo. Tukahesabu: 250 ya milimita 9, mia ya .223 na hamsini ya .45, hizo zote ni saizi za risasi. Ganda la 9 lina kama gramu 4 hivi, la .223 gramu 6, la .45 karibu 5.6, ukijumlisha unapata karibu kilo 1.9, yaani mara mbili ya mzigo. Na kwa kuwa pipa lilijaa akapunguza maji, akaweka lita 2 tu. Halafu akaona uchafu ni mwingi kwa hiyo akatia asidi vijiko viwili vya chakula. Sasa fanya hesabu na mimi: kijiko cha chakula ni vijiko vitatu vya chai, viwili ni sita, na ndani ya sita kuna robo 24. Mara 24 ya kipimo, kwenye nusu ya maji. Ukali wa yale maji ulikuwa mara 48 hivi ya inavyotakiwa. Akawasha saa tatu usiku akaenda kulala, akazima saa mbili asubuhi. Saa 11, wakati kazi hii inahitaji saa mbili, tatu, ikizidi sana nne.

Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza yuko wazi. Brasi ya maganda ni shaba kama asilimia 70 na zinki 30. Zinki ndiyo dhaifu humo ndani, ukiiweka brasi kwenye asidi kali kwa muda mrefu zinki inatangulia kutoka, na uso wa ganda unabaki na shaba nyingi kuliko mwanzo, na shaba peke yake ni nyekundu, ndo unaona pinki. Hicho ni kitu kinachojulikana, na kibaya chake ni kwamba pale zinki ilipotoka panabaki kama sponji, brasi dhaifu yenye matundu matundu.

Lakini kuna vitu viwili vilinisumbua. Kwanza pinki haikuwa sawa kwa sawa. Asidi inagusa kila ganda mle ndani, maji ni yaleyale, muda ni uleule, mbona mengine yana baka kubwa upande mmoja tu na upande wa pili njano safi? Pili nilipochukua ganda moja nikasugua baka kwa kitambaa na dawa laini ya kung'arishia isiyo na amonia, wekundu ulifutika nikaona njano chini yake. Zinki ikiwa imetoka ndani ya brasi yenyewe hufuti kwa kitambaa kirahisi hivyo. Hii ilikuwa kama rangi iliyopakwa juu. Ni shaba iliyotoka mahali ikaja kukaa juu ya brasi.

Shaba ndani ya maji ya asidi iko, imeyeyuka kutoka kwenye maganda yenyewe, ndo maana maji machafu ya kazi hii mara nyingine yanakuwa na ukijani. Lakini haikai tu yenyewe juu ya brasi, inahitaji kitu cha kuisukuma, na kitu hicho kwa kawaida ni chuma cha kawaida, kile kinachoshika kutu. Mafundi wa vito wanalijua hili toka zamani, ukiingiza koleo la chuma kwenye asidi yao ya kusafishia iliyokwisha kutumika, pete ya fedha inatoka nyekundu. Chuma kinayeyuka, shaba inashuka, na chochote kinachogusana na kile chuma kinapakwa shaba.

Nikamuuliza, una chuma chochote mle ndani? Skrubu, bolti, kifuniko? Akasema hamna kaka, pipa ni la mpira, pini ni stenlesi, na maganda yote ni brasi nimeyaokota mwenyewe.

Nikachukua sumaku.

Hapa ndo pa kutulia kidogo maana ni sehemu inayodanganya macho. Pini za stenlesi zenyewe sumaku inaweza kuzivuta kidogo, kwa sababu zinapovutwa kuwa waya mwembamba tabia yake inabadilika, kwa hiyo tulitenga pini zote kwanza tukabaki na maganda peke yake mezani. Nikapitisha sumaku juu yake polepole. Tak. Tak. Moja, mbili, mpaka zikafika 11. Zote za milimita 9, na zote ukizitazama kabla hazijaoshwa ungeapa ni brasi, kwa sababu ni maganda ya chuma yaliyopakwa tabaka jembamba la brasi juu. Kuna viwanda vinatengeneza hivyo kwa sababu chuma ni bei rahisi. Saa 11 za pini zilikuwa zimekula lile tabaka kwenye kingo za kitako na mdomoni, chuma kikawa wazi, na hapo hapo penye chuma wazi palikuwa na tabaka jekundu la shaba, nene kuliko sehemu nyingine yoyote. Yule kijana alishika ganda moja akaligeuza geuza kwenye mwanga hakusema neno muda mrefu.

Bado sikutaka kuamini kichwa changu tu, kwa hiyo tukafanya jaribio dogo. Chupa tatu za kioo zenye mdomo mpana, maji kiasi kilekile kila moja, na maganda matano ya brasi kwa kila chupa, ambayo hayakuwemo kwenye lile pipa. Ya kwanza maji safi na asidi kwa kipimo sahihi, saa tatu. Ya pili maji safi na asidi kali kama ile ya kwake, usiku mzima. Ya tatu yale maji yake machafu yenyewe tuliyoyachuja kwa kitambaa, ambayo tayari yana shaba ndani, na humo nikaweka ganda moja la chuma nililolikwangua kwa msasa, limelala limegusana na maganda mawili ya brasi na mengine matatu yamekaa mbali.

Chupa ya kwanza: njano safi. Ya pili: yalififia, yakawa na wekundu hafifu uliotanda kote sawasawa, hasa midomoni. Ya tatu haikuhitaji usiku, ndani ya saa moja lile la chuma lilikuwa jekundu, na yale mawili yaliyogusana nalo yalianza kupata baka pale pale yalipogusana na likawa linatanuka. Yale matatu ya pembeni yalikuja kufifia baadaye kama ya chupa ya pili lakini baka hayakupata. Kwa hiyo yale mabaka ya upande mmoja kwenye ndoo yake yakaelezeka, ni maganda yaliyokuwa yanabanana na yale 11 ya chuma kwenye pipa lililojaa kupita kiasi ambalo halikuwa linageuka vizuri. Mzigo ungekuwa wa kawaida yangekuwa yanagusana na kuachana, humo yalikuwa yamelala pamoja usiku kucha.

Kwa hiyo makosa hayakuwa moja, yalikuwa manne yanashikana mkono: chuma ndani, asidi nyingi, mzigo mwingi kwa maji kidogo, na muda. Ukiniuliza lipi ndo mzizi nitakwambia chuma, maana ndicho kilicholeta shaba juu ya brasi, hayo mengine yalikipa nguvu. Na ndicho peke yake ambacho jicho halikioni, sumaku inakiona kwa dakika tano.

Tulipokuwa tunaangalia mabaka tukakuta na madhara mengine ambayo hayana uhusiano na rangi kabisa, na kusema kweli haya yalinitia wasiwasi kuliko pinki.

La kwanza pini zilizokwama. Kwenye maganda ya .223 kitundu cha moto, kile kilicho katikati ya kitako ambapo mwali wa praima, kile kikofia kidogo cha kuwashia, unapita kwenda kwenye baruti, kina upana wa milimita 2.03 hivi. Pini zake nilizipima kwa kalipa, zina unene wa milimita 1.04. Moja inapita bila shida. Mbili zikiingia sambamba ni 2.08, yaani zimezidi kitundu kwa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, zinaingia kwa kusukumwa na wenzake halafu zinabana kabisa kama kabari. Tulipata matano hivyo. Ukitazama kwa juu kwenye mdomo huoni kitu, lazima ulielekeze ganda kwenye mwanga utazame kupitia kitundu, kama huoni duara kamili la mwanga kuna kitu. Ganda kama hilo ukilijaza mwali hautapita inavyotakiwa, au pini itatoka na risasi kupitia kwenye mtutu. Pini zenye unene wa 1.19 hazina tatizo hili kwa kitundu cha saizi hiyo, mbili ni 2.38 haziwezi hata kuanza kuingia. Nilimshauri abadilishe pini na amebadilisha. Lakini hata ukiwa na pini nene bado angalia kila ganda, kila moja, hakuna njia ya mkato hapo.

La pili maganda kumezana. Ya milimita 9 yanaingia ndani ya .45 kama kikombe ndani ya kikombe, pini zikiingia katikati hayatoki tena, na ndani yake hapaoshwi. Tulitoa 14 kwa koleo. Ndo maana mi huwa naosha aina moja moja, hata kama ni mzunguko wa mara tatu.

La tatu midomo. Saa 11 za kugongana zimekunja kingo za midomo ya .223 kwa ndani, pita kucha taratibu kutoka ndani kwenda nje utasikia inakwama kwenye kijikingo chembamba kama wembe. Hilo linarekebishika kwa kifaa cha kukwangulia mdomo, unazungusha mara mbili tatu ndani na nje, lakini kama hukulijua kingo hiyo inakwangua kichwa cha risasi wakati wa kukiingiza.

Halafu kuna kitu kijana alikuwa karibu kukifanya, na nashukuru aliuliza kwanza. Alisikia kwamba dawa ya kusafishia vioo au ya kung'arishia yenye amonia inatoa wekundu, akataka kuloweka maganda yote humo. Hapana. Hapana kabisa. Amonia na brasi ya maganda haziendani na hii siyo imani ya watu, ina historia ndefu. Jeshi la Uingereza lilipokuwa India lilikuta risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi msimu wa mvua zinapata nyufa zenyewe kwenye maganda ghalani, hakuna aliyezigusa. Mwaka 1921 Moore, Beckinsale na Mallinson ndo walieleza sababu: amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi, ikikutana na mkazo uliobaki ndani ya brasi kwa sababu ganda linatengenezwa kwa kuvutwa likiwa baridi. Amonia inapita kwenye mipaka ya chembe za brasi, mkazo unavuta, ganda linachanika. Ganda lililofyatuliwa lina mkazo vilevile. Ufa wa namna hiyo unaweza usiuone kwa macho, na utajulikana siku unapofyatua ukiwa na uso wako karibu na hilo ganda. Kwa hiyo dawa yoyote yenye harufu ile ya kuchoma pua iweke mbali.

Tulichofanya na maganda yenyewe ni hivi. Yale 11 ya chuma yakatoka kabisa. Yaliyobaki tukayagawa kwa aina, tukaosha upya mafungu madogo, maji mapya, sabuni, asidi robo kijiko, saa moja na nusu. Kwenye mengi pinki iliondoka, pini ziliitoa kwa sababu ilikuwa juu tu. Kama 30 hivi yalibaki na wekundu wa kutanda na ukiyaangalia kwa lenzi uso una vishimo vishimo, hayo sikubishana naye, tukayabana kwa koleo mpaka yakawa bapa ili asije mtu mwingine akayaokota akafikiri mazuri. Najua inauma kutupa ganda zuri la .223, lakini ganda ndilo linalozuia moto usije kwako, sioni cha kujadili.

Tulikagua pia kama praima zote zilikuwa zimetolewa kabla ya kuosha, na hapa alikuwa amefanya sawa, maana ukiosha na praima iliyotumika ndani, kishimo chake kinabaki na uchafu na maji yanajificha nyuma yake. Na kabla ya yote hayo, hakikisha hakuna risasi nzima iliyojichanganya kwenye maganda, hilo nilidhani halihitaji kusemwa ila acha niliseme tu hapa.

Kukausha nako kulikuwa na neno. Alitaka kuyatia kwenye oveni ya jikoni kwa nyuzi 200 yakauke haraka. Kwanza hamna sababu ya kuvuka 100, maji yanachemka hapo, na joto likipanda sana unaanza kulegeza brasi, na kitako cha ganda lazima kibaki kigumu. Pili, na hili ndo kubwa, oveni inayopika chakula cha watoto haiingizwi maganda. Moshi wa praima nyingi una ledi, yaani madini yenyewe ya risasi, na hilo ndo lile tope la kijivu unaloliona kwenye maji. Uzuri wa kuosha kwa maji ni kwamba vumbi haliruki ukalivuta kama unavyofanya kwa kuzungusha kikavu na maganda ya mbegu, lakini ledi haijapotea, imehamia majini. Glavu mkononi, ndoo ya kazi hiyo tu, chujio la kazi hiyo tu, na usimwage kwenye sinki la vyombo. Alikuwa anatumia chujio la chai la nyumbani. Nilimwambia leo hii linatoka jikoni, na lilitoka.

Kwa hiyo tuliyasuuza mara tatu mpaka maji yakawa meupe, mara ya mwisho kwa maji yasiyo na chumvi ili yasiache madoa, tukayakung'uta kwenye taulo, tukayatandaza yakiwa wima mdomo chini siku mbili kwenye upepo. Yakikauka, litikise moja sikioni, halafu tazama ndani ya kishimo cha praima, tone dogo likibaki hapo litaharibu praima na baruti.

Jambo moja ambalo sikulitegemea, yeye ndo aliligundua alipoanza kazi: shingo zilizooshwa mpaka ndani zikang'aa zinakuwa kavu mno, kichwa kinaingia kwa kukwaruza tofauti na zamani ambapo masizi kidogo yaliyobaki yalikuwa yanalainisha. Ndo hivyo, usafi kupita kiasi nao una gharama yake. Sasa anaosha saa moja na nusu badala ya kutafuta kioo cha kujitazamia, na mi naona ni sawa kabisa, ganda safi linatosha, si lazima ling'ae.

Yale maji ya kijivu ya mara ya kwanza bado yapo kwenye dumu lililofungwa, tumeandika LEDI kwa maka peni pande zote mbili, yanasubiri kupelekwa panapopokelewa taka za sumu. Sumaku ameifunga kwa kamba juu ya meza yake, ganda haliendi kwenye pipa mpaka lipite chini yake, na wiki iliyopita alinitumia picha ya mengine mawili yamening'inia hapo.